Kusoma Bila Kuelewa

Sisi Wahaya hutaniwa kwa neno “nshomile”, yaani “nimesoma”. Je, twastahili bado utani huo? Mtaala wa mwaka 2015 wa Darasa la I na la II uliweka mbele Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Hata hivyo, vijijini Muleba na Bukoba watoto wengi hutoka kwenye Kihaya cha nyumbani na kukutana na Kiswahili cha vitabuni. Mtoto aweza kutamka ukurasa mzima bila kigugumizi. Akiulizwa nani amefanya nini, hunyamaza.

Wazazi wapendwa, hapa hata bibi asiyejua kusoma ana kazi. Mtoto asome, kisha amsimulie bibi kisa hicho kwa Kihaya. Bibi aulize: kwa nini? Ikawaje? Akikwama, asikaripiwe, arudie ukurasa.