Nasi Tupande Tuitazame Nchi

Siku hizi hakuna harusi ya maana Arusha wala Moshi isiyopigwa picha kutoka angani. Kidude chenye panga nne hurushwa juu ya ukumbi, kikamzunguka bibi harusi, kikapanda hadi mabati yote ya mtaa yakaonekana, na kamati ikalipa bila kunung'unika. Sina ugomvi na kidude hicho. Ninalouliza ni hili: mbona tunaona fahari kulitazama turubai kutoka juu, lakini mlima unaotunywesha na maziwa ya Bonde la Ufa tumewaachia wageni wayatazame peke yao?

Ndege ndogo za kukodi zipo. Ziko hapo Kisongo, kando ya barabara ya Dodoma, na kila mkazi wa Arusha amepata kuzisikia zikiunguruma asubuhi. Wanaozipanda kwa kutazama tu, si kwa kuwahi safari, ni wageni karibu wote. Mwenyeji ukimuuliza hujibu upesi kwamba hiyo ni anasa ya Wazungu. Jibu hilo limetukaa mdomoni kiasi kwamba hatulipimi tena. Leo, ndugu wasomaji, naomba tulipime.

Tuanze na fedha, maana ndiko watu wanakokimbilia. Ndege ya kukodi hailipiwi kwa kichwa. Hulipiwa ndege nzima, kwa muda inaokaa angani. Cessna 206 ina viti sita, na kimoja ni cha rubani. Bei yake si ndogo, wala sitamdanganya mtu. Kwenye geti la hifadhi mwenyeji hulipa pungufu ya mgeni, lakini petroli ya ndege haijui mwenyeji ni nani. Hata hivyo, sisi ndio watu wa michango. Tunachanga kwa kipaimara, tunachanga kwa sendofu, tunachanga kwa harusi, kisha tunachanga tena kwa sherehe ya kuivunja kamati ya harusi. Watu watano waliozoea hayo hawashindwi kuchangia saa moja ya ndege mara moja katika maisha yao. Asiye na cha kuchanga simsemi yeye, na habari yake iko mbele.

Lakini hoja yangu si fahari, wala si kuburudisha macho. Hoja yangu ni kwamba katika nchi hii, waliopata kuitazama kutoka juu ndio waliopata kusikilizwa.

Tazameni Serengeti. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walirusha ndege aina ya Dornier waliyoipaka milia kama punda milia, wakahesabu wanyama na kufuatilia nyumbu wanahamia wapi. Januari 10, 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi, Michael akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, amelazwa hapo hapo. Filamu waliyoipiga ilipata tuzo ya Oscar, na jina la Serengeti likaenea duniani kote. Mwaka huo huo wa 1959 Ngorongoro ilitenganishwa na Serengeti, na Wamaasai waliokuwa wakichunga Serengeti wakahamishiwa upande wa Ngorongoro.

Nisieleweke vibaya. Sisemi Grzimek ndiye aliyewahamisha. Mipaka ile ilikatwa na serikali ya kikoloni, naye mwenyewe hakuridhika nayo, kwa kuwa alichokiona kutoka angani ni nyumbu wanaopita nje yake. Ninalosema ni kwamba mabishano yalikuwa baina ya wenye ramani na wenye ndege. Mchungaji aliyekuwa chini, aliyeijua kila chemchemi kwa jina lake, hakuwa na ramani wala ndege, na elimu yake haikuwekwa mezani kwa uzito ule ule. Hadi leo, kikija kikao cha mipaka, cha shoroba za wanyama au cha vyanzo vya maji, mtaalamu hufungua picha iliyopigwa kutoka juu, na wanakijiji huitikia kwa vichwa wasije wakaonekana wajinga. Mtu aliyewahi kukaa dirishani na kuuona ushoroba ule kwa macho yake haitikii kwa kichwa tu. Anauliza.

Wala jicho la juu pekee halitoshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Richard Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, akiwa bado kijana, alipita na ndege ndogo juu ya Ziwa Natron, akaona upande wa magharibi matabaka ya udongo mkongwe yaliyofanana na yale ya Olduvai. Msafara ukaenda huko, mahali paitwapo Peninj. Lakini aliyeliona lile taya la chini la kiumbe wa kale wa ukoo wetu, mwaka 1964, ni Kamoya Kimeu, Mkamba wa Kenya, akitembea kwa miguu huku macho yakipekua changarawe. Bila ndege hawangejua waende wapi, na bila Kamoya wangerudi mikono mitupu. Sisi tunao akina Kamoya wengi. Tulichopungukiwa ni ile safari ya kwanza ya juu.

Basi mtu akipanda ataona nini? Nitaeleza mambo mawili tu, maana mengine ajionee.

La kwanza ni Kilimanjaro. Tangu utoto tumeimbishwa theluji, na sasa kila mkutano unalia kwamba theluji inakwisha. Ni kweli inakwisha: katika barafu iliyokuwapo kileleni mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 imekwenda. Lakini mtu anayepita ubavuni mwa mlima kwa ndege hugundua upesi kwamba amekuwa akitazama juu mno. Chini ya kile cheupe kidogo kilichobaki kuna jangwa la mawe, chini yake vichaka, kisha mkanda mnene wa msitu ulioufunga mlima pande zote, na mawingu yameulalia. Hapo ndipo mvua nyingi inaponyesha na ukungu unaponaswa. Maji tunayokunywa hutoka msituni kuliko barafuni. Chini ya msitu kuna vihamba vya migomba na kahawa, na mifongo, yaani mifereji ya maji, iliyochimbwa na mababu ikikatiza miteremko. Kisha rangi hubadilika ghafla: tambarare kavu, miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, na mbele zaidi bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako Kikuletwa na Ruvu hukutana na kutoka zikiwa Pangani. Mitambo ya umeme ya Hale inazungushwa na maji hayo. Barabarani vitu hivi ni safari ya siku nzima, kila kimoja na wilaya yake, na kila wilaya na mkuu wake anayelalamikia mwenzake. Dirishani ni kitu kimoja. Anayefyeka mti juu ya Marangu na anayesubiri maji Korogwe wanaonekana katika kutupa jicho mara moja, na hakuna hotuba ya Siku ya Mazingira iliyowahi kunishawishi kiasi hicho.

La pili ni Lengai na Natron. Mlima Meru ukiachwa nyuma, na ule ubavu wake wa mashariki uliobomoka hata majivu ya ndani yakabaki wazi, ndege hushika kaskazini magharibi juu ya nyika, na Ol Doinyo Lengai hujitokeza peke yake, pembe tatu kamili chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Abiria wengi hupiga kelele wakidhani kileleni kuna theluji. Si theluji. Lengai ni mlima pekee unaojulikana duniani kutema, katika zama zetu, lava yenye magadi mengi namna ile. Hutoka nyeusi, nyepesi, ikitiririka karibu kama maji, kisha ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe. Mwaka 2007 ulilipuka kwa majivu hadi mwaka uliofuata, ukajijengea kilele kipya. Kwa Wamaasai huo ni Mlima wa Mungu, na rubani mwenye adabu hauzunguki kama mtu anayefanya mchezo.

Mbele yake ni Natron, ziwa pana lisilofika kina cha mita tatu. Wakati wa kiangazi magadi hugandamana juu yake na vijidudu vipendavyo chumvi huyatia wekundu, hata mtu akashangaa ni maji au ni udongo. Humo, juu ya vichuguu vya matope katikati ya magadi yanayochoma, ndimo heroe wadogo wanamotagia. Inakadiriwa robo tatu ya heroe hao wote duniani wamezaliwa hapo. Upande wa kaskazini utauona mto Ewaso Ng'iro ukiingia kutoka Kenya, na mto hausimami forodhani kugonga muhuri. Likifanyika lolote huko juu unakotoka, heroe wa Tanzania watakosa pa kutagia, na wenye nyumba za kulala wageni Engare Sero watakosa wageni. Watawala wa pande zote mbili wangelikalia jambo hilo kwa namna nyingine kama wangelikuwa wamewahi kuliona kwa pamoja, bega kwa bega, katika ndege moja.

Hapa kuna watakaonipinga, na wana haki: ndege inapiga kelele, inachoma mafuta, inawatisha ndege wa Mungu. Nawajibu kwamba tatizo hilo ni la tabia kwanza. Heroe wakishtuliwa wakati wa kuatamia wanaweza kuyaacha mayai yao. Abiria anayemgusa rubani begani na kumwambia, "Shuka kidogo tuwarushe, tupate picha," huyo anastahili kurudishwa Kisongo na nauli yake isirudishwe. Kaeni juu. Ziwa lina upana wa kutosha kuonekana kutoka huko.

Na hili la kumgusa rubani begani nalisema kwa msisitizo, maana sisi ni watu wa kubembelezana. Mawingu ya mlima hayabembelezwi. Mei 1955 Dakota ya East African Airways iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iliugonga Kilimanjaro, wakafa wote 20 waliokuwamo. Novemba 2008 ndege ndogo ya watalii ilianguka Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huo huo, wakafa abiria wanne. Rubani akisema leo hapana, jibu ni asante, tutakuja kesho. Mchague mwenye kampuni iliyosajiliwa na yenye cheti cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Msiokoteze wa bei nafuu aliyeelekezwa na binamu wa mtu.

Mwangalieni rubani kabla hajaruka, mtajua ni mtu wa namna gani. Aliye makini huinama chini ya bawa na kikombe cheupe cha plastiki kinachopitisha mwanga, akakinga petroli kidogo, akakiinua juani. Anatafuta maji, kwa kuwa maji hukaa chini ya petroli, na injini ikiyanywa huzimika. Akiona tone, anamwaga na kukinga tena, hata kama abiria wanatazama saa. Kisha anawapandisha watu kwenye mzani, mmoja mmoja, na mikoba yao. Mtu mnene asione haya. Kisongo iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, na jua likipanda huwa nyepesi zaidi, bawa likakosa cha kushikilia. Ndiyo maana safari hizi ni za alfajiri, kuruka kabla ya saa moja ikiwezekana. Saa nne Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kwa kawaida keshajifunika, na hewa juu ya nyika imeanza kurusharusha ndege hadi matumbo yakapinduka. Tena ndege ndogo haina choo. Chai ipunguzwe.

Sasa nirudi kwa yule asiye na cha kuchanga. Huyo ndiye hasa ninayetaka akae dirishani, na fedha yake ipo. Ipo katika semina zetu za hotelini, zile za siku tatu na posho, ambako Bonde la Ufa huonyeshwa ukutani kwa mwanga hafifu huku nusu ya waalikwa wakisinzia. Halmashauri ifute semina moja kwa mwaka. Fedha ile ikodi ndege, na majina yapangwe hivi: mwalimu wa jiografia anayechora Bonde la Ufa ubaoni mwaka wa ishirini bila kuliona lote, mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji, mchungaji aliyeteuliwa na wazee wa mila, binti aliyeongoza mtihani wa kidato cha nne, hii ikiwa tuzo yake badala ya kikombe cha bati kitakachopata kutu kabatini kwa mkuu wa shule, na diwani mmoja tu, tena asiwe yule aliyekwenda mwaka jana.

Mzee kuliko wote apewe kiti cha mbele kando ya rubani. Simu zikusanywe zote isipokuwa moja, apewe binti, maana tukiachiwa simu tutarudi na picha za nyuso zetu. Wakishatua, kabla ya chai na kabla diwani hajaomba kusema machache, kila mmoja apewe karatasi na kalamu ya risasi, achore alichokiona: mto umetokea wapi, msitu umeishia wapi, mifugo imepita wapi, shamba jipya limeingia wapi. Karatasi hizo zikibandikwa ukutani siku ya kikao cha ardhi, pembeni ya ramani ya mtaalamu, mtaalamu naye atakuwa na maswali ya kujibu.