Chanjo ya mafua kwenye famasi: Mlango mpya hautoshi bila imani na mlipaji

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa Dar es Salaam anayepatwa na homa, kikohozi na maumivu ya viungo mara nyingi haanzii hospitalini. Huanzia dirishani mwa duka la dawa la mtaani, akaeleza anavyojisikia, akanunua vidonge vya kutuliza maumivu na kurejea nyumbani. Hali hiyo, ambayo kila mtu wa mjini anaifahamu, ndiyo inayolipa uzito swali ambalo mataifa kadhaa yamekwisha kulijibu: ikiwa watu hukimbilia famasi wanapougua, kwa nini wasipatiwe huko chanjo ya mafua kabla ya kuugua?

Nchini Marekani, kufikia mwaka 2009 majimbo yote 50 yalikuwa yamewaruhusu wafamasia kuchanja. Ureno ilifungua mlango huo mwaka 2007 na Ireland mwaka 2011. Ufaransa ilianza kwa majaribio katika mikoa miwili mwaka 2017, kisha ikaueneza utaratibu huo nchi nzima mwaka 2019. Barani Afrika, Afrika Kusini ni miongoni mwa nchi ambazo mteja huweza kuchomwa sindano ya mafua ndani ya famasi.

Lakini mfano unaofaa kuchambuliwa kwa kina zaidi ni wa England. Huko mpango wa kitaifa wa kuchanja mafua kwenye famasi za mitaani ulianza Septemba 2015. Walengwa walikuwa watu wazima waliomo katika makundi yaliyo hatarini: wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, wajawazito, na wenye maradhi ya muda mrefu kama vile kisukari, pumu na magonjwa ya moyo. Mteja wa kundi hilo halipi chochote. Serikali humlipa mwenye famasi kwa kila sindano, naye hutakiwa kumjulisha daktari wa familia wa mteja ili kumbukumbu zisipishane.

Madaktari hawakuupokea mpango huo kwa shangwe. Nao hulipwa kwa kila chanjo wanayotoa, na huagiza dawa miezi mingi kabla ya msimu. Hofu yao ilikuwa kwamba wateja watahamia famasi na wao wabaki na shehena isiyo na watu wa kuitumia.

Kwa kuangalia idadi peke yake, mpango ulifanikiwa. Katika msimu wa kwanza, wa 2015/16, famasi zilitoa takriban chanjo 600,000. Msimu wa 2021/22 idadi hiyo ilikuwa imevuka milioni 4.

Hata hivyo, takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Msimu wa 2014/15, kabla ya mpango wa kitaifa kuanza, asilimia 72.7 ya wazee wa miaka 65 na kuendelea nchini England walichanjwa. Msimu uliofuata, famasi zikiwa zimeingia kazini, kiwango kilishuka hadi asilimia 71.0, na mwaka mmoja baadaye kikawa asilimia 70.5. Miongoni mwa wenye maradhi ya muda mrefu walio chini ya umri huo, kiwango kilishuka kutoka asilimia 50.3 hadi 45.1 katika msimu huo wa kwanza.

Kwa maneno mengine, sindano za famasi ziliongezeka huku kiwango cha jumla kikipungua. Sehemu ya waliokwenda famasi walikuwa ni watu ambao wangechanjwa hata hivyo. Walibadili mlango tu. Nje ya mlango huo kulikuwa na tatizo jingine. Chanjo ya msimu wa 2014/15 haikulingana vizuri na aina ya kirusi iliyosambaa majira hayo ya baridi, na habari hiyo ilitangazwa sana. Mtu aliyekwisha kutilia shaka dawa yenyewe hashawishiwi na ukaribu wa duka.

Kiwango cha wazee kilipanda ghafla hadi asilimia 80.9 katika msimu wa 2020/21, wakati wa janga la corona. Mwaka huo hofu ya ugonjwa, kampeni nzito ya Serikali na urahisi wa huduma vilikutana. Funzo ni kwamba famasi humrahisishia safari mtu aliyekwisha kuamua, lakini haimwamulii.

Kwa Tanzania suala hili si la mbali kama linavyoweza kudhaniwa. Wengi wetu huyaita mafua ugonjwa wa siku tatu, lakini Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa homa ya mafua ya msimu husababisha wagonjwa mahututi kati ya milioni 3 na milioni 5 kila mwaka, na vifo kati ya 290,000 na 650,000 vinavyotokana na matatizo ya upumuaji.

Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara kwa watoto 1,005 wenye homa, na kuchapishwa mwaka 2014, ulibaini kuwa malaria ilikuwa chanzo kwa asilimia 10.5 tu, ilhali maambukizi ya njia ya hewa yalionekana kwa asilimia 62. Homa nyingi zilitokana na virusi, vikiwemo vya mafua. Ina maana kwamba ugonjwa upo miongoni mwetu, ila huvaa jina la mwingine.

Pamoja na hayo, chanjo ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za taifa. Anayeihitaji huitafuta katika hospitali binafsi kwa fedha zake. Kuihamishia famasi bila kubadili hilo kutampunguzia foleni mtu mwenye uwezo, na kumwacha mama lishe mjamzito au mzee mwenye kisukari pale pale alipo. England ilifungua mlango wa famasi ikiwa na mlipaji tayari. Sisi tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Swali la msingi ni iwapo kitita cha bima kitaweza siku moja kubeba sindano hiyo kwa makundi yaliyo hatarini.

Yapo pia masuala ya utaalamu. Chanjo ya mafua hutunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 8 na haitakiwi kuganda. Umeme ukikatika na famasi ikakosa jenereta, chanjo inaweza kuharibika bila kuonyesha dalili yoyote kwa macho. Mchanjaji lazima awe amefunzwa kuchoma sindano, kutambua mzio mkali na kutumia adrenalini papo hapo. Panahitajika chumba chenye faragha, mahali pa kutupa sindano, na daftari au mfumo wa kumbukumbu unaosomeka hospitalini.

Hapo ndipo tofauti kati ya famasi na maduka mengine ya dawa inapokuwa muhimu. Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yamesogeza dawa vijijini, lakini muuzaji wake si mfamasia. Kuyaruhusu yote kuchanja kwa mkupuo kungekuwa hatari. Ufaransa ilianza na mikoa miwili. Nasi tungeweza kuanza na famasi chache za mijini zilizokaguliwa na Baraza la Famasi.

Lipo pia suala la majira. Karibu na ikweta virusi vya mafua huweza kuzunguka karibu mwaka mzima, wala hakuna msimu mmoja wa baridi kama ule wa Ulaya. WHO hupendekeza muundo wa chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa msimu wa kaskazini na Septemba kwa msimu wa kusini. Nchi inayoagiza bila kujua virusi vyake hushamiri lini yaweza kuchanja watu mvua zikiwa zimekwisha kupita.

Uzoefu wa chanjo ya corona, iliyozinduliwa nchini Julai 2021, ulionyesha pande zote mbili za jambo hili. Mwitikio wa mwanzo ulikuwa mdogo kutokana na uvumi na mashaka, kisha huduma ikapelekwa sokoni, kwenye nyumba za ibada na majumbani, sambamba na elimu. Ukaribu na imani vilikwenda pamoja.

Kwa hiyo hoja ya famasi ni njema, lakini isitangulizwe. Kwanza ijulikane nani anastahili kulindwa, nani atalipa na chanjo ipi iagizwe lini. Mambo hayo yakipata majibu, dirisha la mtaani litakuwa msaada mkubwa. Yasipopata, litakuwa mahali pengine pa kununua kinga kwa wale ambao tayari walikuwa na uwezo wa kuinunua.