Kiungo Kipya, Mfumo wa Zamani

Tulipokwenda kusimamia mazoezi ya kufundisha Makere, wilayani Kasulu, tulikuta kompyuta ya shule moja imefungiwa stoo na kufunikwa kanga. Kwa kuwa ilikuwa ikisuasua, walimu walitoa fedha za maharage ya shamba la shule, wakanunua kumbukumbu ya gigabaiti 8 mahali pa ile ya 4. Fundi alipokwisha kuifunga, kioo kilionyesha kwamba zinazoweza kutumika ni 3 na nukta tu. Fundi akashukiwa wizi, nayo mashine ikawekwa kando.

Fundi hakuiba kitu. Mashine ile iliendeshwa na Windows ya biti 32, na mfumo huo hauhesabu mbali zaidi ya hapo. Kila baiti ya kumbukumbu huhitaji anwani yake. Anwani yenye nafasi 32, kila nafasi ikiwa 0 au 1, hutoa anwani 4,294,967,296 basi. Hizo ndizo gigabaiti 4, na baadhi yake hushikwa na vifaa vingine vya mashine.

Kuifungia mashine isiyoeleweka si jambo geni nchini. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Hazina mwaka 1965. Mfumo wa hesabu ulipoharibika, mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku.

Maoni yetu ni kwamba kosa la Makere lilianzia vyuoni, kwetu sisi wakufunzi. Tumewazoeza walimu-wanafunzi kubonyeza hapa na pale. Kuuliza sababu hatukuwazoeza. Nayo sababu yenyewe ni hesabu ya shule ya msingi.

Ewe mwanachuo, jaribu hivi na Darasa la Sita. Kusanya visanduku vitupu 16 vya viberiti. Watoto wavipe anwani za tarakimu tatu, kwa 0 na 1 peke yake: 000, 001, 010, na kuendelea. Visanduku 8 vitapata anwani, kisha anwani zitakwisha, na mtoto mwenye barua ya kisanduku cha tisa atabaki ameishika mkononi. Usiharakishe kumsaidia. Darasa litabishana, pengine kwa kelele, na kelele hiyo ndiyo somo. Ngoja mpaka mmoja aombe tarakimu ya nne.

Mashine ile yahitaji mfumo wa biti 64, iwapo prosesa yake inaupokea. Nyingi za miaka ya karibuni huupokea. Lakini Windows ya biti 64 haipandishwi juu ya ile ya biti 32: husimikwa upya, na vilivyomo hufutika. Kwa hiyo maksi na mahudhurio ya watoto yanakiliwe kwanza kwenye flashi. Tulimweleza mwalimu mkuu hayo yote, naye akayaandika. Hata hivyo, tulipoondoka Makere fundi yule alikuwa hajalipwa ujira wake.