Nakala Isiyotoka Ofisini Si Akiba

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Siku hizi daftari lenyewe limo ndani ya kompyuta: vyeti vya kuzaliwa, alama za mitihani, stakabadhi za kodi, mipaka ya viwanja. Je, daftari hilo likiungua usiku wa leo, kesho mwananchi atathibitishaje kwamba kiwanja ni chake? Kwa maoni yangu, ofisi ya umma isiyo na jibu la swali hilo haijatimiza wajibu wake, hata ikiwa na mashine za kisasa.

Tarehe 26 Septemba 2025, moto ulizuka kwenye betri katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, ukasimamisha mamia ya huduma za umma. Hifadhi ya pamoja ambamo watumishi wa serikali waliweka kazi zao, yenye takriban terabaiti 858, iliteketea, wala haikuwa na nakala mahali pengine. Nchi hiyo si maskini, tena teknolojia ni fani yake. Hapa kwetu Uganda, usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere liliungua, na mara moja wasiwasi ukatanda kuhusu kumbukumbu zilizokuwamo.

Kinga ipo, na haihitaji bajeti ya wizara. Ofisi ndogo yaweza kununua kisanduku cha kuhifadhia data kinachounganishwa na mtandao wa ndani wa ofisi, chenye nafasi ya diski inayochomoleka. Kila usiku mafaili ya kompyuta zote hunakiliwa humo bila mtu kuamrisha. Diski ziwe tano, zikiandikwa Jumatatu hadi Ijumaa. Kila asubuhi karani huchomoa diski ya jana, huipachika ya leo, hutia sahihi kwenye rejista, na ile ya jana hupelekwa kwenye jengo jingine. Mwisho wa mwezi, diski ya ziada huwekwa kando kwa muda mrefu zaidi.

Wapo wasemao kwamba kisanduku chenye diski mbili zinazonakiliana chatosha. Sikubaliani nao. Diski hizo huisaidia ofisi endapo moja itaharibika. Lakini faili likifutwa kwa bahati mbaya hufutika kote kuwili papo hapo. Na programu hasidi ikiyafunga mafaili ili wahalifu wadai fedha, hakuna diski itakayosalimika. Diski iliyolala kabatini katika jengo jingine haifikiwi na mdukuzi wala na moto.

Wengine watauliza: kwa nini tusitegemee hifadhi ya wingu pekee? Wingu ni msaada mzuri, lakini hifadhi iliyoteketea Daejeon nayo ilikuwa wingu la serikali. Kila wingu lina jengo lake hapa ardhini, na jengo huungua.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya wizi: diski inayobebwa njiani yaweza kuporwa pamoja na siri za watu. Ndiyo maana data yake sharti isimbwe kwa nywila, na rejista ionyeshe nani aliibeba na saa ngapi. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inawataka wanaotunza taarifa zetu wazilinde. Aidha, kila mwezi mafaili machache yarudishwe kutoka kwenye diski na kufunguliwa, kwani nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni tumaini tu.

Ibara ya 41 ya Katiba ya 1995 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola. Haki hiyo itakuwa maneno matupu iwapo taarifa zenyewe zimekuwa majivu. Basi, ndugu mwanafunzi, siku utakapofika ofisi ya wilaya yako, au utakapoajiriwa humo, uliza kwa adabu: nakala ya jana iko wapi? Akiba haiozi, lakini ikihifadhiwa chumba kimoja na mali yenyewe, zitaungua pamoja.