Kabla ya kumlaumu nesi, hesabu vitanda

Kaa pale Lighthouse, hapa Kizingo, jioni yoyote. Mihogo ya kukaanga mkononi, pilipili na ndimu, halafu taja mgomo wa manesi. Jibu ni lile lile: "Hao wapenda pesa tu. Wagonjwa wafa, wao wadai marupurupu." Na mimi nilikuwa nasema hivyo, mpaka nyanyangu alipolazwa.

Hospitali siitaji, maana wodi kama ile ziko nyingi. Usiku ule nilihesabu vitanda 32 na nesi mmoja. Mmoja! Dripu ya Nyanya ikaisha, damu ikaanza kurudi kwenye mpira. Nikakimbia kumwita nesi, nikamkuta anahangaika na mgonjwa aliyeshindwa kupumua. Alitufikia baada ya karibu saa nzima. "Samahani, mwanangu," akasema. Matusi nilikuwa nayo mdomoni, nikayameza. Ningemtukana kwa kosa gani, kuwa na mikono miwili?

Tusidanganyane, mgomo unaumiza. Mwaka wa 2017 manesi wa hospitali za umma waligoma kuanzia 5 Juni hadi 2 Novemba, wakidai mkataba wao wa makubaliano ya pamoja, ile CBA, utiwe saini. Ilikuwa miezi michache tu baada ya madaktari kugoma siku 100. Wenye pesa walienda hospitali za kulipia. Asiye nacho alibaki na maumivu yake nyumbani.

Lakini haki ya kujiunga na chama na kugoma iko kwenye Katiba, kifungu cha 41. Kwa hivyo swali si kama manesi wana haki. Swali ni, wanadai nini kwanza? Hapo nina neno na chama chao, KNUN. Idadi ya wagonjwa kwa kila nesi iwekeni juu kabisa ya orodha, kabla ya marupurupu. Hilo ni dai lenu na letu pia.

Kwingine limewezekana. Kule California, Marekani, chama cha manesi kilisukuma mpaka sheria ikapitishwa mwaka wa 1999, ikaanza kutekelezwa 2004. Leo kwenye wodi ya kawaida nesi mmoja hapewi zaidi ya wagonjwa 5. Kwa wagonjwa mahututi, ni 2 tu.

Na msituambie manesi hawapo. Mwaka wa 2021 serikali yetu ilitia saini makubaliano na Uingereza ili manesi wa Kenya waende kufanya kazi huko. Kama wapo wa kusafirishwa, wapo wa kuajiriwa. Kinachokosekana ni pesa za kuwaajiri, na hospitali zetu nyingi ziko chini ya kaunti tangu 2013.

Basi vijana wenzangu, kaunti ikiita watu kutoa maoni kuhusu bajeti, twende. Tusiulize barabara na taa za mtaani peke yake. Tuulize: mwaka huu mnaajiri manesi wangapi, na wodi gani? Ukitaka mgomo usije, simama na nesi sasa, akiwa bado kazini. Ukingoja mpaka ashike tawi na firimbi barabarani, umechelewa, na kitandani huenda yuko nyanya yako.