Pumziko la Mtoto Aliyepata Mtikisiko wa Ubongo Liwe na Kikomo

Mtoto aliyeanguka na kupata mtikisiko wa ubongo mara nyingi huruhusiwa kurudi nyumbani na agizo moja: apumzike mpaka apone kabisa. Agizo hilo hutolewa kwa nia njema, lakini halina kikomo. Mzazi mwenye hofu humfungia mtoto chumbani kwa wiki nzima, bila shule wala wenzake. Kulala kupita kiasi humpunguzia nguvu, huvuruga usingizi wa usiku na huzidisha huzuni.

Utafiti uliofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watoto zaidi ya 2,400. Miongoni mwa walioanza kujishughulisha ndani ya siku saba, takriban asilimia 25 waliendelea kuwa na dalili baada ya siku 28. Miongoni mwa waliokaa bila mazoezi, takriban asilimia 44. Yawezekana walioanza mapema walikuwa na nafuu tangu awali. Hata hivyo, jaribio la mwaka 2019 liliwagawa vijana 103 kwa kura. Nusu ya waliofanya mazoezi mepesi ya kuongeza mapigo ya moyo walipona ndani ya siku 13. Kwa walionyoosha viungo tu, ilichukua siku 17.

Pumziko, basi, ni dawa, na kila dawa ina kipimo chake. Katika siku mbili za mwanzo mtoto apumzike kwa kiasi: atembee polepole nyumbani, na simu na televisheni zipunguzwe. Kisha aongezewe mwendo hatua kwa hatua; maumivu yakizidi sana, apunguze, na kesho yake ajaribu tena. Arudi shuleni mapema, hata kwa saa chache. Mpira, baiskeli na kupanda miti visubiri ruhusa ya daktari, kwa kuwa pigo la pili kabla ya kupona ni hatari.

Mtoto anayetapika mara kwa mara, anayepata degedege, anayeshindwa kuamka, au ambaye kichwa kinazidi kumuuma, arudishwe hospitali mara moja.

Muuguzi au daktari anayemruhusu mtoto aandike tarehe ya kuanza kutembea, tarehe ya kujaribu shule na dalili za hatari. Neno “apumzike” peke yake halitoshi.