Katuni za pamoja zinahitaji mhariri

Kitabu cha katuni kinachotolewa na wachoraji wenyewe mara nyingi humchosha msomaji: hadithi moja inavutia, inayofuata haieleweki. Tatizo si vipaji, wala si fedha pekee. Kinshasa, miaka ya 1990, Papa Mfumu'Eto aliandika na kuchora mwenyewe vijitabu vya bei nafuu kwa Kilingala, na watu wakavinunua mitaani. Walifuata hadithi, si karatasi nzuri.

Wachoraji wa Lubumbashi wanaochanga pesa za kuchapa wasigawane kurasa kwa kuwa kila mtu amechanga. Wamteue mhariri mmoja mwenye mamlaka ya kurudisha kazi, hata ya rafiki yake. Msomaji aliyeuziwa toleo dhaifu hanunui la pili.